Bwana Afya Arudi Darasani Kusoma Nini?

Mtumishi wa afya wa wilaya akiomba ruhusa ya kwenda masomoni, wenzake humwuliza atarudi na nini. Akisema anakwenda kujifunza upasuaji, wote huridhika. Akisema macho au meno, hali kadhalika. Lakini akisema anakwenda kusoma shahada ya pili ya afya ya jamii, na ya kuwa katika elimu hiyo amechagua tawi la mambo ya jamii na tabia za watu, hapo ndipo maswali huanza. Tabia za watu nazo zasomwa chuo kikuu? Si kila mtu azijua tabia za jirani zake? Na mkoa kama Tabora, ambao vijiji vyake viko mbalimbali na porini, wapata faida gani kijana wake akikaa darasani ili aje atuambie kwamba watu hawachemshi maji?

Maswali haya si ya kipuuzi, wala hayafai kujibiwa kwa kutaja majina makubwa ya vyuo. Mfanyakazi anayekatwa kodi na mkulima anayeuza tumbaku yake ndio wanaolipa gharama ya elimu, nao wana haki ya kujua wanalipia nini. Leo twataka kuyajibu kwa kuitazama njia ile ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikafika Tabora, ikaendelea hadi Ujiji. Katika nchi yetu hapana mahali panapofundisha somo hili waziwazi kuliko njia hiyo.

Kwanza masomo yenyewe. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1963, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu mwaka 1968, kikawa chuo kikuu kishiriki cha Muhimbili mwaka 1991, na tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kamili cha afya. Ndani yake imo skuli ya afya ya jamii na sayansi za jamii, na katika skuli hiyo hufundishwa sayansi za tabia. Shahada ya pili ya afya ya jamii hutolewa pia Bugando huko Mwanza, na KCMC huko Moshi. Mwanafunzi hujifunza hesabu za magonjwa: nani anaugua, wapi, lini, na wangapi kati ya wangapi. Hujifunza kuuliza maswali bila kumwekea mtu majibu mdomoni, na kukaa na kina mama kumi barazani akasikiliza saa nzima bila kuwakatiza, kazi ambayo kwa msomi si nyepesi. Mwishoni huchagua jambo moja, huomba kibali cha maadili ya utafiti, huenda kijijini, hurudi, huandika tasnifu. Hayo ndiyo yote. Thamani yake yategemea swali aliloondoka nalo.

Swali hilo si jipya duniani. Mwaka 1848 serikali ya Prussia ilimtuma daktari kijana, Rudolf Virchow, akachunguze homa kali iliyokuwa ikiwaua wakulima wa Silesia ya Juu. Mabwana wale walitazamia orodha ya dawa. Virchow aliwarudishia taarifa iliyosema kwamba watu wale wahitaji elimu, kipato kilicho bora, barabara, na uhuru wa kujitawala mambo yao. Hawakupendezwa nayo. Lakini tangu hapo wako waganga waliokataa kumtazama mgonjwa kana kwamba ameanguka kutoka mbinguni, hana kazi, hana nyumba, wala hana wa kumwamuru.

Sasa turudi njiani kwetu. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni mwaka 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Miezi mitano karibu yote iliishia njiani. Toka Bagamoyo hadi Ujiji ni kilomita zipatazo 1,200, na katika karne ile makumi ya maelfu ya watu walizitembea kwa miguu: wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo ya frasila mbili hivi mabegani, wafanya biashara wa pwani na askari wao, wanawake na watoto waliofuatana na misafara, na watumwa walioswagwa kwa minyororo. Walikunywa visima vile vile na walilala katika kambi zile zile. Na kila walichobeba pasipo kujua, walikibeba pamoja na pembe na vitambaa.

Daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa Unguja, James Christie, alikiona kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kwa macho yake. Hakuwa na hadubini ya kumwonyesha kijidudu, maana kijidudu hicho kilikuwa hakijakubaliwa bado na wataalamu. Alichofanya ni kuwauliza wafanya biashara na viongozi wa misafara: ulipita wapi, ulimkuta nani anaharisha, watu walikunywa maji gani, maiti walizikwaje. Kwa maswali hayo aliuchora mwendo wa ugonjwa kutoka bara hadi Pangani na Unguja, akautia katika kitabu kilichotolewa mwaka 1876. Wakati huo huo Livingstone, akiwa mbali huko Manyema, aliandika kwamba kipindupindu kimewafikia hata wao. Ugonjwa ulikuwa umeifuata biashara. Ningekuwa mwalimu wa somo hili, kitabu cha Christie ningekiweka mbele ya vitabu vingi vya Marekani.

Yako na mengine. Funza hakuwa mwenyeji wa Afrika. Aliletwa kwa meli toka Brazil, akashuka pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka bara zima katika nyayo za wapagazi, akaingia njia ya Ujiji na Tabora kutoka upande wa magharibi, akatokea kwenye pwani yetu. Miguu ndiyo iliyokuwa chombo cha kazi cha mpagazi, na funza aliila hiyo hiyo. Naye papasi, yule mdudu wa kwenye nyufa za sakafu anayeleta homa ya kurudiarudia, alikaa katika mabanda ya kulala wasafiri. Robert Koch, mtaalamu mkubwa wa Kijerumani, alifika mwaka 1905, akachimba udongo mkavu wa mabanda hayo katika njia za misafara za koloni, akawakuta papasi wamejaa. Aligundua kwamba papasi mwenye maradhi huwarithisha wanawe katika mayai. Ushauri wake kwa Wazungu ulikuwa rahisi: usilale bandani, piga hema lako kando.

Ushauri mzuri kwa mwenye hema. Mpagazi hakuwa nalo. Mahali pa kulala aliamuliwa na mwendo wa siku na hesabu ya mwenye mali. Chakula chake kilikuwa posho ya nguo au ushanga abadilishe kwa mtama kijijini, na kama kijiji kilikuwa na njaa, yeye naye alikuwa na njaa. Tukisema basi kwamba mpagazi aliugua homa ya papasi kwa sababu ya tabia ya kulala mabandani, tumesema kweli, na bado hatujasema lolote. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mwanafunzi aliyeielewa shahada yake na aliyeipita juu juu. Wa pili ataandika kwamba watu wana mazoea mabaya. Wa kwanza atauliza mazoea hayo yaliamriwa na nani, yanalipa nini, na kuyaacha kungemgharimu mtu kiasi gani.

Wakoloni Waingereza walikuwa na nafasi ya kuliuliza swali hilo katika nchi hii ya Unyamwezi, wakati wa malale. Ugonjwa wa malale ya namna kali ulitambuliwa Maswa mwaka 1922, na miaka iliyofuata ulionekana katika sehemu nyingi za mkoa wa Magharibi wa zamani. Daktari Maclean, aliyesimamia kazi ya malale Tanganyika, aliona sawasawa kwamba mbung'o hustawi penye pori, na kwamba watu wakikaa pamoja na kulima kwa wingi, pori hurudi nyuma na mbung'o hukosa kivuli. Basi amri zikatoka. Watu waliokuwa wakiishi nyumba hapa na nyumba kule walihamishwa kwa maelfu, wakapangwa katika makazi mapya, na nyuma yao pori likaachwa lifunge.

Makazi hayo yalipunguza ugonjwa, na si haki kulificha jambo hilo. Lakini waliohamishwa hawakuulizwa. Mnyamwezi ana mizinga yake ya magome mitini, mbali na nyumbani, na nta na asali vilikuwa bidhaa yake tangu zamani. Kumwambia akae penye uwazi asiingie porini ni kumwambia aache mapato yake. Kwa hiyo walikaa katika makazi, na msimu wa kurina ukifika walikwenda porini kama kawaida, tena safari hii mwendo ukiwa mrefu zaidi na pori likiwa nene zaidi. Maofisa waliandika kwamba wenyeji ni wakaidi.

Baadaye wako wataalamu walioirudia habari hii kwa jicho jingine. John Ford, aliyefanya kazi ya mbung'o miaka mingi katika Afrika, alitoa kitabu mwaka 1971 akaeleza kwamba watu wa zamani walikuwa na njia zao za kuishi na mbung'o bila kuangamia, kwa kulima, kuchoma majani na kuchagua mahali pa kukaa. Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1977 kwamba sotoka ya ng'ombe ya miaka ya 1890, pamoja na vita na ndui, iliivunja nguvu hiyo. Ng'ombe walipokufa na watu walipotawanyika, pori lilirudi, na mbung'o pamoja nalo. Yaani pori lile ambalo mkoloni alilikuta akaliita la asili, kwa sehemu kubwa lilikuwa mashamba ya watu yaliyokufa.

Tabora ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na malale ni kazi ya zamani ya kituo hicho. Mwaka 2010 watafiti wakiwamo wa kwetu walitoa taarifa juu ya mzigo wa malale katika wilaya ya Urambo, wakitumia habari za wagonjwa wa kituo cha afya cha Kaliua. Siku hizi wagonjwa wa malale wanaoandikwa nchini ni wachache mno kwa mwaka. Lakini uchache huo una hatari yake. Mrina asali au mvuvi wa porini aliyeshikwa na homa leo atadhani ni malaria, na huenda mganga kijana wa zahanati atadhani hivyo hivyo, kwa kuwa hajapata kuiona malale katika maisha yake. Namna gani ya kumfikia mtu ambaye kazi yake imemweka porini wiki nzima nzima? Hapo yupo mtihani wa mtu mwenye shahada ya pili.

Sasa tuende mwisho wa pili wa njia, Bagamoyo, mahali wapagazi walipotua mizigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mradi wa vyandarua wilayani humo, na watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Marekani walitaka kujua neno moja tu: watu wanaposema homa, wanamaanisha nini? Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, na kila mtumishi wa afya angefaa kuyasoma. Wazazi waliijua malaria. Walijua yaletwa na mbu. Walijua dawa yake iko hospitali. Lakini mtoto alipokakamaa, macho yakageuka, mwili ukatetemeka, hiyo haikuwa malaria tena. Hiyo ilikuwa degedege, kitu kingine kabisa, chenye asili yake katika mambo ya mashetani, na tiba yake ilikuwa kwa mganga wa kienyeji. Mtoto alifukizwa kwa mavi ya tembo, alipakwa majani. Na iliaminiwa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Bwana afya alikuwa amehubiri malaria kwa miaka mingi, na watu walimsikia, wakamkubali, wakashika alichosema. Kwa nini basi watoto waliendelea kufa? Kwa sababu mahubiri yalihusu malaria, na mtoto alikuwa na degedege. Ubishi haukuwapo. Maneno mawili tofauti yalipita kando kando kama watu wawili usiku. Na ile imani ya sindano haikuzuka hewani: mtoto aliyefikishwa hospitali mwishoni, baada ya siku mbili za kufukizwa, alichomwa sindano na akafa, na mama aliona kwa macho yake kipi kilitangulia kipi. Mtu yeyote mwenye akili angefikiri alivyofikiri yeye.

Watafiti hawakusema waganga wa kienyeji wapigwe marufuku. Waligundua kwamba degedege ikishatulia, wengi wao wala hawakuwa na kinyongo mtoto apelekwe hospitali. Basi shauri likawa ni kuzungumza nao, na kumfundisha mama kumpooza mtoto kwa maji na kumpeleka upesi. Hospitali ilikuwapo siku zote, na dawa ya malaria ilikuwamo ndani yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza neno degedege lina maana gani kwa anayelitamka. Nisipoambiwa jambo jingine lolote juu ya faida ya elimu hii, hilo lanitosha.

Mfano wa namna hiyo ulitokea pia Kilombero na Ulanga. Kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1957, kiliendesha uenezaji wa vyandarua vyenye dawa katika miaka ya mwisho ya 1990. Kwanza waliwauliza watu wanapenda chandarua cha namna gani. Watu walisema cha rangi iliyokoza, maana cheupe huonyesha uchafu upesi. Vikauzwa madukani kwa jina la Zuia Mbu. Mwaka 2001 ikatangazwa kwamba vyandarua hivyo vyenye dawa viliongeza uwezekano wa mtoto mdogo kuokoka kifo kwa asilimia 27. Rangi ya chandarua! Nani wizarani angelifikiri jambo hilo bila kuuliza?

Wasomaji wetu wa umri mkubwa watasema kwamba nchi hii ilikuwa ikifanya kazi ya namna hii kabla ya shahada hizi kuwako, nao watakuwa wamesema kweli. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wapatao 75,000 walifunzwa. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Nguvu ya kampeni ile haikuwa katika redio peke yake. Baada ya kipindi kwisha, kikundi kilipaswa kuamua jambo la kufanya kabla ya kukutana tena: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Mtu alichimba choo kwa sababu aliketi na jirani zake wakaazimia pamoja, na kesho yake jirani alipita akatazama shimo. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na baadaye kufundisha hapo hapo Tabora, alikuwa amewataja adui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na kampeni ile ilijaribu kuwapiga wawili kwa fimbo moja.

Wa tatu ndiye msumbufu. Twamwona katika habari ya Mwanza, mji uliounganishwa na Tabora kwa reli tangu mwaka 1928. Huko, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ulifanywa mradi mkubwa wa kuwafundisha vijana habari za UKIMWI na uzazi, ulioitwa MEMA kwa Vijana. Ulipangwa kwa uangalifu sana: jamii 20 ziligawanywa kwa kura, nusu zikapata mafunzo na nusu zikangoja, na vijana 9,645 wakaandikishwa ili wafuatwe. Vijana walifundika. Walipoulizwa, walijibu vizuri kuliko wenzao. Lakini damu ilipopimwa, maambukizo ya virusi hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa, na hata walipopimwa tena miaka mingi baadaye, mambo yalikuwa yale yale.

Yawapasa sifa wale waliotangaza matokeo hayo bila kuyaficha, maana wako watu ambao wangetangaza majibu ya maswali na kunyamaza juu ya damu. Msichana wa shule alijua kila kitu juu ya UKIMWI. Alijua pia kwamba sabuni, daftari na nauli vinatoka kwa mwanamume fulani, na kwamba nyumbani havipo. Ujuzi wake ulikuwa kamili kichwani na mfuko wake ulikuwa mtupu. Kazi iliyofuata ya watafiti wa kituo cha Mwanza imelishughulikia jambo hili: zawadi, fedha, wazazi, na mazungumzo ya nyumbani.

Iko habari nyingine ambayo ni aibu kuiandika, lakini mikoa yetu ya magharibi haiwezi kujifanya haiijui. Ni mauaji ya vikongwe. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 walihesabiwa kuuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wanawake 2,286 na wanaume 1,407, na sehemu kubwa kabisa ilikuwa Usukumani. Simeon Mesaki, mwanaelimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyachunguza mauaji hayo na kuyaandikia tasnifu mwaka 1993. Sheria ya uchawi tunayo tangu mwaka 1928, na haikuyazuia. Macho mekundu ya mwanamke mzee ndiyo yaliyofanywa ushahidi wa kumwua. Lakini macho mekundu ni moshi. Ni miaka hamsini ya kuinamia mafiga katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni na, penye uhaba wa kuni, kwa samadi ya ng'ombe. Jambo la jiko, kwa hiyo, ni la kansa na kikohozi, na tena ni la roho ya bibi kizee mjane ambaye shamba lake linatamaniwa. Maana mara nyingi nyuma ya tuhuma liko shamba, au kuna mtoto aliyekufa kwa homa, pengine kwa degedege ile ile, na anatafutwa wa kulaumiwa. Daktari hawezi kuyatenganisha hayo, wala polisi hawezi. Mtu aliyefunzwa kuuliza aweza angalau kuyaweka yote mezani.

Tumekwisha kusifu, sasa na lawama. Tasnifu za elimu hii zaandikwa kwa Kiingereza. Kina mama wa Kaliua au Sikonge hutoa saa zao mbili, hueleza mambo ya ndani ya nyumba zao, mtafiti huyaandika, huaga, na hapo habari huishia kwao. Maneno yao yamegeuzwa lugha, yamefungwa jalada, yamewekwa katika maktaba ambayo hawataingia. Wapo watafiti wachache wanaorudi, nao wakumbukwe kwa heshima. Kadhalika mara nyingi swali la utafiti huchaguliwa na mwenye fedha za mradi kabla mwanafunzi hajapanda gari la moshi. Akifika kijijini wanamwambia shida yao ni maji. Yeye amekuja na karatasi ya kitu kingine.

Adrian Atiman hakuwa na shahada ya pili. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto huko karibu na Timbuktu, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema kwenye ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alitibu watu hapo hadi alipokufa mwaka 1956, miaka 67 mahali pamoja, ameoa huko na kusema lugha ya huko. Hatuwezi kumtaka kila msomi akae Karema miaka 67. Lakini wilaya inayomruhusu mtumishi kwenda masomoni yaweza kumwambia kabla hajaondoka ni jambo gani inataka alichunguze.

Tabora haina uhaba wa mambo hayo. Tuchukue tumbaku. Mkoa huu ni miongoni mwa walimaji wakubwa wa tumbaku nchini, na jani bichi lililolowa umande hupitisha sumu yake katika ngozi ya anayelichuma. Kizunguzungu na kutapika wakati wa mavuno ni habari ya kila mwaka, na wengi huita uchovu. Watoto hukaa hapo hapo wakifunga majani vijitini. Usiku mtu hukesha bandani akichochea moto wa kukaushia. Kumwambia mkulima avae mifuko ya mikono na kuwaondoa watoto ni rahisi. Mwanafunzi wa kweli atauliza pembejeo zilikopwa kwa kiasi gani katika chama cha msingi, bei ya daraja la jani ilikuwa ngapi, na kama familia ile yaweza kukodi mikono mingine watoto wakienda shule. Atawauliza wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaofahamu nani alitapika na siku gani.

Kisha taarifa yake isomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji alichokichunguza, mwenyekiti akiwapo na watu wakiwa na ruhusa ya kumkatiza na kumsahihisha, na hilo lifanyike kabla nakala ya Kiingereza haijapelekwa jaladini Dar es Salaam.